Hajala tangu jana jioni, sukari ya asubuhi imetoka wapi?

Swali: Shikamoo daktari. Niko Ujiji, namuuguza mama yangu mwenye miaka 58 na kilo 70. Ana kisukari cha aina ya pili, mwaka wa nne huu. Anameza metformini ya miligramu 500 asubuhi na jioni. Kinachonichanganya ni asubuhi. Juzi saa nne usiku, anakwenda kulala, mashine ilisoma 7.2. Saa kumi na mbili asubuhi, hajatia kitu mdomoni, ikasoma 9.8. Jirani anasema mama anaamka usiku kula kwa siri. Nikamlaza siku mbili bila chakula cha usiku, asubuhi ikatoka 10.1. Shangazi aliyeko Tabora anatuletea asali akisema haipandishi sukari. Na kuna vidonge vya glibenklamaidi alivyoacha baba mdogo. Nimpe kimoja wakati wa kulala ili asubuhi ishuke? Na hiyo sukari inatoka wapi kama hajala?

Jibu: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Kwanza mwondolee mama tuhuma za jirani. Hata ungemfungia chumbani na ufunguo ukalala nao wewe, bado asubuhi sukari ingeweza kuwa juu kuliko ulivyoiacha usiku. Imetoka kwenye ini lake. Vidonge vya baba mdogo usimpe. Sababu nitaieleza tukifika kwenye kongosho, maana bila kuijua kongosho katazo hilo litaonekana kama woga wa madaktari tu.

Habari ya ini kutengeneza sukari iliwashangaza hata wataalamu. Mwaka 1848 Mfaransa Claude Bernard alichunguza mbwa waliolishwa nyama tupu, chakula kisicho na wanga, akakuta sukari kwenye ini na kwenye damu inayotoka humo. Kabla ya hapo iliaminika kwamba sukari yote ya mwilini inatokana na mimea inayoliwa. Mwaka 1857 akaitenga akiba yenyewe ambayo ini huihifadhi, glaikojeni, ambayo ni wanga wa mnyama kama muhogo ulivyo na wanga wake. Kwa hiyo swali lako lina heshima zake. Limewahi kuulizwa maabara.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu bila hesabu jambo hili halieleweki. Damu ya mtu mzima ni kama lita 5. Sukari ikiwa milimoli 5 kwa lita, yaani mashine yako ikisoma 5, glukosi (ndiyo sukari ya damu) yote inayozunguka humo ni gramu nne na nusu, yaani kijiko kimoja cha chai. Ubongo peke yake unakula gramu 5 hivi kila saa, mchana na usiku, hata mtu akiwa usingizini. Asipopatikana wa kujaza, kijiko hicho kingekwisha ndani ya saa moja. Anayejaza ni ini. Kwa mtu mwenye afya aliyelala bila kula, ini hutoa takribani miligramu 2 za glukosi kwa kila kilo ya uzito kwa kila dakika. Kwa kilo 70 ni miligramu 140 kwa dakika, gramu 8.4 kwa saa, na tangu saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni gramu 67.

Tazama sasa kiasi kilichozidi kwa mama. Glukosi haikai ndani ya damu tu, inasambaa kwenye majimaji yote yaliyo nje ya seli, ambayo kwa uzito wake ni kama lita 15. Kutoka 7.2 hadi 9.8 ni ongezeko la milimoli 2.6 kwa lita. Zidisha kwa lita 15, unapata milimoli 39. Milimoli moja ya glukosi ina gramu 0.18, basi jumla ni gramu 7. Vijiko viwili vya chai havitimii! Ini limetoa gramu sitini na kitu usiku kucha, zikabaki saba bila mtumiaji. Kosa la sehemu moja katika kumi linatosha kukutoa kwenye 7.2 na kukupeleka karibu na 10. Ndiyo maana mwili unahitaji mdhibiti mwenye macho makali sana, na ndiyo maana mdhibiti huyo akichoka kidogo tu, asubuhi inasema.

Mdhibiti ni kongosho. Iko nyuma ya tumbo la chakula, imelala kukatiza mgongo, urefu wake ni kama sentimita 15. Sehemu kubwa ya kongosho haina habari na sukari ya damu, inatengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula. Lakini ndani yake zimetawanyika chembe ndogo ndogo zipatazo milioni moja, ambazo zote pamoja hazifiki asilimia 3 ya uzito wake. Zinaitwa visiwa vya Langerhans, kwa jina la Mjerumani Paul Langerhans aliyeziona kwa hadubini mwaka 1869 bila kujua kazi yake. Humo kuna seli beta zinazotoa insulini, homoni ya kushusha sukari, na seli alfa zinazotoa glukagoni, homoni ya kuipandisha. Zipo na nyingine, tuziache.

Seli beta inajuaje kiasi cha sukari? Haina ulimi wa kuonja. Inachofanya ni kuichoma glukosi na kupima moto wake. Glukosi inaingia kwenye seli kupitia milango ambayo haifungwi, kwa hiyo kilichomo ndani kinafuata kilichomo kwenye damu. Ikishaingia, inakutana na kimeng'enya kinachoitwa glukokinasi, ambacho ndicho mizani yenyewe. Vimeng'enya vya aina yake katika seli nyingine hushiba mapema, sukari ikiwa chini ya milimoli 1, kwa hiyo haviwezi kutofautisha 5 na 10. Glukokinasi inafikia nusu ya kasi yake sukari ikiwa kama 8. Maana yake ni kwamba katika eneo lote la kawaida, kati ya 4 na 10, kila ongezeko dogo la sukari linaongeza kasi ya kazi yake. Wapo watu waliozaliwa na hitilafu ndogo kwenye jeni la kimeng'enya hiki. Sukari yao ya asubuhi inakaa kati ya 5.5 na 8 maisha yao yote, na wengi hawahitaji dawa. Mizani yao imewekwa juu kidogo, basi.

Kadiri glukosi inavyochomwa ndivyo seli inavyojaa nishati iitwayo ATP. Kwenye ukuta wa seli beta kuna matundu yanayopitisha potasiamu kwenda nje. ATP ikiongezeka, matundu hayo yanafunga. Yakifunga, chaji ya umeme ya ukuta inabadilika, milango ya kalsiamu inafunguka, kalsiamu inaingia, na vifuko vya insulini vilivyokuwa vikisubiri pembeni vinamwaga shehena yake kwenye damu. Kazi hii inaanza sukari ikivuka 5 hivi. Na ikishuka, mlolongo wote unarudi nyuma: ATP inapungua, matundu yanafunguka, insulini inakatika. Huu ni ulinzi, maana insulini inazimwa na kushuka kwa sukari kwenyewe.

Hapa ndipo glibenklamaidi inapoingia, na nakuomba usome polepole. Kidonge hicho kinakwenda moja kwa moja kwenye yale matundu ya potasiamu na kuyafunga. Hakiulizi sukari ni ngapi. Saa tisa usiku sukari ikiwa 4, seli beta ya kawaida ingekuwa imenyamaza, lakini kidonge kimeyaziba matundu, na seli inaendelea kumwaga insulini kana kwamba mtu ametoka kula wali. Mabaki ya dawa hiyo yanayotengenezwa na ini nayo yana nguvu ya kushusha sukari na yanatolewa kwa figo. Figo zikiwa zimechoka, jambo la kawaida kwa mwenye kisukari mwenye umri, sukari inaweza kushuka, ukaipandisha kwa kumpa soda, ikashuka tena baada ya saa kadhaa, na hali hiyo ikaendelea siku nzima. Ukimpa usiku akiwa hajala, kama ulivyotaka kufanya, umekusanya hatari zote mahali pamoja. Dawa yenyewe si mbaya. Kliniki huitoa, kwa kuanza na dozi ndogo, asubuhi pamoja na chakula, baada ya kupima figo. Iliyobaki kwa marehemu au kwa mgonjwa mwingine irudishe kwenye duka la dawa au kliniki.

Turudi kwa ini, maana wengi wanaposikia insulini wanafikiria inafungua milango ya misuli tu. Insulini ikitoka kwenye kongosho haimwagiki kwanza mwilini. Inaingia kwenye mshipa wa lango, ule unaobeba damu kutoka utumbo, tumbo na kongosho kuipeleka kwenye ini. Ini ndilo linalopokea ujumbe kabla ya kiungo kingine chochote, na linabakiza karibu nusu ya insulini hiyo. Misuli ya miguu inapata kilichopita. Tazama mpangilio ulivyo: damu hiyo hiyo ya mshipa wa lango inaleta kwenye ini sukari iliyotoka utumboni na amri ya kongosho ya nini kifanyike juu yake.

Amri ya insulini kwa ini ina mambo matatu. Acha kuvunja glaikojeni. Anza kuijenga kutokana na glukosi inayoingia. Punguza kutengeneza glukosi mpya. Ini lililojaa baada ya mlo mzuri linashika glaikojeni kama gramu 100. Misuli inashika zaidi, kama gramu 400 kwa mtu mzima, ila kihenge cha misuli hakina mlango wa kutokea. Misuli haina kimeng'enya cha mwisho kinachoivua glukosi ile fosfati iliyobandikwa ilipoingia, kwa hiyo ilichohifadhi ni kwa matumizi yake yenyewe. Kwa mahitaji ya ubongo usiku, kihenge chenye mlango ni ini, figo zikilisaidia kidogo.

Ini nalo lina macho yake, halisubiri amri tu. Lina glukokinasi kama ya kongosho. Sukari ikiwa chini, kimeng'enya hicho kinafungiwa ndani ya kiini cha seli. Sukari ikipanda kinaachiliwa kitoke kwenda kazini. Na kile kimeng'enya kinachovunja glaikojeni kinazimika chenyewe glukosi inapokishika. Kwa hiyo hata kabla ya insulini, ini likioga kwenye sukari nyingi linapunguza uvunjaji. Tatizo ni kwamba bila insulini macho haya hayatoshi.

Upande wa pili wa mizani ni glukagoni ya seli alfa. Kwa mtu mwenye afya, sukari ikishuka kufikia 4.5 hivi insulini inakuwa imeshapungua. Ikifika karibu na 3.8 glukagoni na adrenalini zinapanda. Mtu anaanza kutetemeka na kutoka jasho karibu na 3, na chini ya 2.8 fikra zinavurugika. Glukagoni nayo inapitia mshipa huo huo wa lango, na kazi yake kubwa ni kuliambia ini litoe. Ndani ya dakika chache glaikojeni inaanza kuvunjwa. Akiba ikipungua, ini linaunda glukosi mpya kutokana na asidi laktiki ya misuli, gliseroli ya mafuta na amino asidi za protini. Baada ya usiku mmoja wa kulala bila kula, karibu nusu ya sukari inayotoka kwenye ini ni ya akiba na nusu ni mpya. Mtu akikaa siku nzima na zaidi bila kula, akiba inakwisha, na sukari iliyobaki ni ya kuundwa tu. Mbwa wa Bernard waliishi kwa njia hiyo.

Sasa tumpime mama kwa haya tuliyoyasema. Katika kisukari cha aina ya pili mambo kadhaa huharibika pamoja. Ini linakuwa gumu wa kusikia: insulini ipo, pengine hata ni nyingi kuliko ya mtu mwenye afya, lakini ini linaendelea kutoa glukosi kama vile halikuambiwa. Sababu kubwa ya uziwi huo ni mafuta yaliyojazana ndani ya seli za ini. Kongosho nayo inachoka. Jambo la kwanza kupotea ni ule msukumo wa haraka wa insulini wa dakika 10 za mwanzo baada ya kula, ambao kazi yake ilikuwa kulinyamazisha ini mapema kabla chakula hakijafika. Na seli alfa, ambazo zilipaswa kunyamaza sukari ikipanda, zinaendelea kutoa glukagoni. Ini lenye uziwi linasikia vizuri sana sauti ya "toa".

Ongeza na alfajiri yenyewe. Kuanzia kama saa tisa au kumi usiku mwili huanza kujiandaa kuamka. Homoni ya ukuaji iliyotoka usiku na kortisoli inayopanda asubuhi zote zinaipinga insulini na kulisukuma ini. Mwenye kongosho nzima anaongeza insulini kidogo na hakuna anayejua. Mama hana cha kuongeza, basi zile gramu saba zinabaki.

Na kumlaza njaa kulikuwa kosa la kueleweka kabisa, kila mtu angefikiri hivyo. Lakini chakula cha usiku hakikuwa chanzo cha kupanda kwa asubuhi. Usipokula, insulini inashuka zaidi, glukagoni inapanda, mafuta ya mwili yanayeyushwa na kumiminika kwenye ini, na ini linapata malighafi na amri ya kuunda glukosi. Tofauti ya 9.8 na 10.1 usiihesabu hata kidogo. Mashine nzuri ya kidole inaruhusiwa kukosea hadi asilimia 15 juu au chini, kwa hiyo hizo mbili ni namba moja. Ulichokiona ni kwamba njaa haikusaidia, na kwa mtu wa dawa za kusukuma kongosho ingeweza kumdhuru.

Kabla ya kubadili chochote, hakikisha unapima kitu cha kweli. Anawe mikono kwa sabuni na kukausha kabisa. Kidole kilichomenya embe kinaweza kusoma mara mbili ya sukari halisi, na spiriti peke yake haiondoi sukari hiyo vizuri. Tone la kwanza lifute, pima la pili. Vijiti vya kupimia vikae ndani ya kichupa chake, kifuniko kimefungwa, mahali pasipozidi nyuzi 30. Juu ya kabati chini ya bati, mchana wa Kigoma, vinaharibika kabla ya tarehe yake. Mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu anasoma juu kuliko ukweli kwenye mashine nyingi. Na kipimo cha wastani wa miezi mitatu kinadanganya kwa mwenye selimundu, kwa hiyo kama kuna historia hiyo kwenye familia, mwambie mhudumu mapema.

Kisha fanya hivi kwa siku tatu, si lazima zifuatane: pima saa mbili baada ya chakula cha jioni, pima wakati wa kulala, pima saa tisa usiku, pima anapoamka. Andika pamoja na alichokula. Ikiwa kulala ni 10 na asubuhi ni 10, tatizo limeanzia kwenye sahani ya jioni. Ikiwa kulala na saa tisa ziko sawa, karibu na 7, halafu asubuhi inaruka, ni alfajiri na ini. Ikiwa inapanda taratibu usiku kucha, dozi ya dawa haitoshi kulinyamazisha ini. Karatasi hiyo ina thamani kuliko vipimo thelathini vya asubuhi peke yake. Ipeleke kliniki, iwe hospitali ya Maweni au kituo chochote mnachohudhuria.

Kwa maoni yangu, ukiniuliza mazungumzo ya kliniki yaanzie wapi, yaanzie kwenye metformini. Kazi yake kubwa ni hapo hapo pa ini, inapunguza glukosi linayotoa. Mama anameza miligramu 1,000 kwa siku. Wengi hupandishwa polepole hadi 2,000 kadiri figo zinavyoruhusu, na zinapimwa kwa damu, kreatinini. Figo zikiwa dhaifu sana hairuhusiwi kabisa. Dozi imezwe katikati au mwisho wa mlo, maana tumbo tupu ndilo linaloleta kichefuchefu na kuhara, na hapo watu wengi huiacha kimyakimya. Dawa hii haimsukumi kongosho, ndiyo maana ikiwa peke yake ni nadra kumshusha mtu sukari. Nguvu yake kamili haionekani kesho yake, ipe wiki mbili au tatu kabla ya kulalamika. Isipotosha, kliniki inaweza kuongeza dawa nyingine au insulini ya usiku inayokaa muda mrefu, ambayo kimsingi ni kulipelekea ini ile amri iliyopungua.

Chakula cha usiku mrudishie. Ugali wa muhogo ni karibu wanga mtupu, hauna protini ya maana, kwa hiyo tonge lake lisizidi robo ya sahani. Robo nyingine iwe migebuka, dagaa au maharage, na nusu iwe mboga za majani. Ale mapema, saa moja jioni ikiwezekana, kisha atembee dakika 15 hadi 20. Misuli inayofanya kazi inafungua milango ya glukosi hata bila insulini, na hiyo ni njia ya pembeni inayomfaa sana mtu ambaye mlango wa mbele umekwama. Mawese hayapandishi sukari moja kwa moja, lakini kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120, na ziada ya kalori za kila siku ndiyo inayoishia kwenye ini kama mafuta. Ndiyo maana kupunguza uzito kunatibu asubuhi kuliko watu wanavyodhani, kwani mafuta ya ini ni ya kwanza kuondoka. Katika utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2017, wa watu ambao hawakuwa wamezidi miaka sita na ugonjwa, waliopunguza kilo 15 au zaidi, zaidi ya wanane katika kumi walirudi chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Mama ana miaka minne tu na ugonjwa. Kilo 70 zinaweza kuwa nyingi au za wastani kutegemea urefu wake, kwa hiyo mpimeni kiuno na urefu pia.

Asali ya shangazi mpokeeni kwa shukrani, wale wajukuu. Karibu asilimia 80 ya asali ni sukari, sehemu yake glukosi ya kawaida na sehemu kubwa zaidi fruktosi. Fruktosi haionekani sana kwenye mashine ya kidole, na hapo ndipo imani ya shangazi ilipopata nguvu, lakini inakwenda kushughulikiwa na ini, na ikizidi inageuzwa mafuta humo humo. Unalibebesha mzigo kiungo kile kile kilichozidiwa.

Mambo matatu ya nyumbani yanayovuruga mazungumzo ya ini na kongosho. Pombe: ini likiwa linaunguza pombe haliwezi kuunda glukosi mpya vizuri, kwa hiyo anayekunywa usiku bila kula, hasa mwenye glibenklamaidi au insulini, anaweza kuamka sukari imeanguka, na watu wakadhani bado amelewa. Malaria kali: vimelea vinakula glukosi, ini linashindwa kazi, na mgonjwa, mtoto hasa, anaweza kuzirai kwa sukari ndogo. Sindano ya kwinini inaongeza hatari hiyo kwa kuichochea kongosho itoe insulini. Mgonjwa wa malaria aliyezirai apimwe sukari papo hapo. La tatu ni saumu. Mama akitaka kufunga Ramadhani, aende kliniki wiki sita hadi nane kabla. Kwa metformini peke yake hatari ya kushuka ni ndogo, na dozi hupangwa kwenye futari na daku. Sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6 mchana, afungue.

Lengo la kawaida kabla ya kula ni kati ya 4.4 na 7.2, lakini kliniki inaweza kumwekea mama lake. Ikisoma chini ya 3.9, au akitoka jasho la baridi, kutetemeka, kuongea ovyo, mpe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena, rudia kama haijapanda, kisha ale. Hapa asali ya Tabora inafaa, kijiko kimoja cha chakula. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, mlaze ubavu na mkimbizeni hospitali. Na ikiwa ameshameza kile kidonge cha glibenklamaidi, hata kimoja, apelekwe na abaki akiangaliwa angalau siku nzima, hata kama sukari imeshapanda na anasema amepona.